Kimea cha ulezi kilivyoitangulia maabara

Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, lakini kimea cha ulezi ni cha kale kuliko mpaka wowote uliochorwa Tunduma. Kule Mbozi na Momba ulezi hulowekwa usiku kucha, hufunikwa kwa gunia lenye unyevu mpaka utoe vijizizi vyeupe, kisha huanikwa juani na kusagwa. Unga wake hukorogwa kwenye uji vuguvugu, nao hulala hadi kesho yake uchachuke kuwa togwa. Uji ukiwa bado wa moto sana, kimea hufa.

Kinachokufa ni vimeng'enya. Kimoja huitwa faitesi. Punje kavu huhifadhi sehemu kubwa ya fosforasi yake ndani ya faiteti, yenye fosfeti sita zinazonasa chuma na zinki, madini hayo yakapita tumboni bila kumfaa mlaji. Punje ikimea, faitesi hukata vifungo vya fosfeti kimoja kimoja ili kulisha chipukizi, na madini huachiliwa. Uchachu wa togwa huipa nguvu zaidi.

Umetaro Suzuki na wenzake wa Japani waliieleza faitesi mwaka 1907, baada ya kuikuta kwenye pumba za mchele. Hapa Tanzania, Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na miaka 10 baadaye watafiti Mosha na Svanberg waliandika jinsi kimea kinavyolainisha uji mzito, mtoto akala unga mwingi kwa vijiko vichache. Mwaka 1993 Svanberg, Lorri na Sandberg wakaonyesha kwamba mtama usio na tanini, ukilowekwa na kuchachushwa pamoja na kimea, hupoteza karibu faiteti yote. Nafaka zenye tanini nyingi zilikaidi, kwa kuwa tanini huzuia kimeng'enya.

Utafiti wa kitaifa wa lishe wa 2018 uliikuta Songwe na udumavu wa zaidi ya asilimia 40 kwa watoto wa chini ya miaka mitano, katika mkoa unaojaza maghala kwa mahindi. Sembe nyeupe imeondolewa kiini, na humo ndimo chuma kingi na faiteti nyingi vilimokuwa. Dona huvibakiza vyote viwili, kwa hiyo ndiyo inayokihitaji kimea zaidi. Mama anayefika kliniki Vwawa au Tunduma anastahili kuulizwa kwanza anavyotengeneza kimea chake, kabla hajatumwa dukani kununua unga wa lishe.