Nasaba ya Baganwa: Majina na Hesabu ya Wafalme

Msafiri anayetoka Bujumbura kwenda Rumonge hupita Kabezi, kando ya Ziwa Tanganyika. Kwa kuwa tawi moja la ukoo wa kifalme wa Burundi huitwa Bezi, ni rahisi kudhani kuwa mahali hapo pamepewa jina la ukoo huo. Kufanana kwa sauti pekee si ushahidi wa nasaba. Sisi watu wa lugha hatuna budi kuchunguza kwanza namna majina yalivyoundwa.

Wafalme wa Burundi walipokezana majina manne kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa. Wazao wao, yaani Baganwa, walijitambulisha kwa majina hayo hayo: Batare, Bezi, Bataga na Bambutsa. Hapa mwalimu wa Kiswahili hapati taabu. Kiambishi ba- cha Kirundi ni ndugu wa wa- yetu. Mwezi na Bezi wanahusiana kama mwenzi na wenzi.

Taabu iko katika hesabu. Orodha ndefu, inayoanzia kwa Ntare Rushatsi, ina wafalme 16 hadi Mwambutsa wa Nne. Mwanahistoria Jan Vansina, katika kitabu chake cha mwaka 1972, alitetea orodha fupi yenye mizunguko miwili tu, yaani wafalme wanane. Hivyo Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, ni wa Nne kwa orodha moja na wa Pili kwa nyingine, na umri wa ufalme hubadilika pamoja na tarakimu hiyo.

Mgawanyiko wa matawi uliingia hata katika siasa za uhuru. Mwanamfalme Louis Rwagasore, wa Bezi, aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961. Wana wawili wa chifu Baranyanka, wa Batare, walinyongwa mwaka 1963 kwa kesi hiyo. Ufalme uliondolewa Novemba 1966, naye Ntare wa Tano akauawa mwaka 1972. Baba yake, Mwambutsa, alifariki Uswisi mwaka 1977. Mabaki yake yalifukuliwa mwaka 2012, yakazikwa tena huko huko mwaka 2017.

Basi tunapowapa wanafunzi orodha za wafalme, tuwaulize pia nani alihesabu, na alianzia wapi. Jina hutuonyesha tawi la mtu. Miaka yake inahitaji ushahidi mwingine.