Mfalme Daudi na Milima ya Buha

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kasulu, aliniuliza baada ya mhadhara: "Mwalimu, ni kweli kwamba Watutsi waliotawala Buha asili yao ni Israeli ya kale?" Sikumcheka. Swali hilo lina historia, na historia hiyo ina damu.

Nilimwambia tuwatazame kwanza Waisraeli wenyewe. Yapata miaka 3,200 iliyopita, jiwe la ushindi la Farao Merneptah lilitaja jina la Israeli. Katika zama hizo, vijiji vidogo vya wakulima na wafugaji vilizuka kwenye milima ya Kanaani. Watu wake walijenga kingo za mawe kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, wakachonga mashimo mwambani ya kuhifadhia maji, wakapanda shayiri na mizeituni, wakafuga mbuzi na kondoo. Wanawake walisaga nafaka juu ya jiwe kabla ya kuoka mkate. Vyungu vyao vinafanana sana na vya Wakanaani, na wanaakiolojia wengi wanaona kwamba sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wenyeji wa nchi hiyo hiyo. Mkulima wa milima ya Kibondo asingeyaona maisha hayo kuwa mageni.

Basi Israeli iliingiaje katika nasaba za watawala wetu? Mwaka 1861, John Hanning Speke alifika Karagwe, kaskazini ya Buha, akapokewa na Mfalme Rumanika. Speke aliamini kwamba wafugaji waliotawala nchi za Maziwa Makuu walitoka Uhabeshi. Katika kitabu chake cha 1863 anamhusisha mwenyeji wake na ukoo wa Mfalme Daudi. Ushahidi hakuwa nao; alichokuwa nacho ni dhana kwamba Mwafrika hawezi kuunda dola kwa akili yake mwenyewe. Waliomfuata wakawaita watawala hao Wahamu, kwa jina la Hamu mwana wa Nuhu.

Huku Buha, katika himaya kama Heru na Muhambwe, Mtutsi na Muha walisema Kiha kimoja. Waliunganishwa na ubugabire: mwenye ng'ombe humkabidhi mwenziwe mnyama, naye hulipa kwa utumishi. Uhusiano huo haukuwa wa haki sawa, lakini ulikuwa wa watu wa nchi moja. Nadharia ya Wahamu iliugeuza kuwa wa mgeni na mwenyeji.

Sumu hiyo ilikomaa ng'ambo ya mpaka. Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera aliuambia mkutano wa Kabaya, Rwanda, kwamba Watutsi watarudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mto huo ulibeba maiti, Kagera ikazifikisha Ziwa Victoria. Burundi nayo ilimwaga damu mwaka 1972 na 1993, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia kwetu. Baada ya machafuko ya 2015 walikuja tena, wakajaza kambi za Nyarugusu na Nduta.

Hapo ndipo ninapomrudia Daudi, maana Speke alimsoma nusu. Kwa mapokeo ya Wayahudi wenyewe, bibi mzaa babu yake alikuwa Ruthu, mwanamke wa Moabu, mgeni aliyeokota masazo ya shayiri katika shamba la Boazi. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu torati iliwaamuru wakulima wasivune hadi pembeni mwa shamba, ili maskini na mgeni wapate chakula.

Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi akae eneo alilotengewa, asitoke bila kibali. Hata hivyo, miaka yote hii wapo waliotoka kambini kwenda kulima vibarua katika mashamba ya wanakijiji wa Kasulu na Kibondo, huku wakihofia kukamatwa.

Nilimjibu mwanafunzi wangu kwamba watawala wa Buha hawakutoka Israeli, na heshima ya Buha haihitaji watoke huko. Kama tunataka kurithi kitu kwa Waisraeli wa kale, turithi ile pembe ya shamba isiyovunwa.