Vifaranga wa Kanga Walioanguliwa na Kuku: Umande Ndio Adui wa Kwanza

Wafugaji wengi wasio na mashine ya kutotolesha hutegemea kuku wa kienyeji kuatamia mayai ya kanga. Njia hiyo ni ya gharama ndogo na inafaa, kwa kuwa kanga mwenyewe si mlezi wa kutegemewa: hutaga vichakani, hususa kiota akisumbuliwa kidogo, na hata akiangua huwatembeza watoto wake kwenye majani mabichi hadi wengi wakafa kwa baridi. Hata hivyo, kuku humaliza nusu tu ya kazi. Vifo vingi hutokea katika wiki mbili za kwanza baada ya kuangua, na wakati huo uangalizi ni wa mfugaji.

Mayai yatoke kwa kanga wanaofugwa tayari. Kanga wa porini analindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuokota mayai yake bila kibali ni kosa. Mwenye shaka amwone kwanza afisa wanyamapori wa wilaya.

Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21, lakini ya kanga huhitaji siku 26 hadi 28. Tofauti hiyo ya wiki moja huwaponza wengi. Mayai ya aina mbili yakiwekwa pamoja siku moja, vifaranga wa kuku hutoka mapema, mama huondoka nao kiotani, na mayai ya kanga hupoa yakiwa karibu kuanguliwa. Ni heri kumpa kuku mayai ya kanga peke yake. Kwa kuwa ni madogo kuliko ya kuku, kuku mwenye umbo la wastani huweza kufunika 15 hadi 20. Achaguliwe kuku mtulivu aliyewahi kulea, atibiwe chawa na utitiri kabla ya kuatamia, na awekewe chakula na maji karibu, maana wiki nne kiotani humdhoofisha.

Vifaranga wakishatoka, mama na watoto wafungiwe kwenye banda kavu lisilopitisha upepo. Hapa ndipo hasara kubwa huanzia. Kanga hutaga zaidi msimu wa mvua, hivyo watoto huzaliwa majani yakiwa yamelowa, na kuku, kwa desturi yake, hutoka asubuhi kuparura. Manyoya laini ya kifaranga wa kanga yakilowa umande, mwili hupoa upesi na kifo hufuata. Wasitolewe nje kabla ya jua kukausha majani, na wiki mbili za kwanza ni bora wasitolewe kabisa. Sakafu nayo isiwe ya kuteleza, kwani miguu hupanuka na kifaranga hushindwa kusimama. Maranda makavu au pumba za mpunga hutosha.

Maji yawekwe katika chombo kifupi chenye kokoto ndani, kwa sababu vifaranga hawa huzama hata katika sahani. Chakula chao kinahitaji protini ya asilimia 24 hadi 26 katika wiki za mwanzo, kiwango kinachozidi kile cha chakula cha kawaida cha vifaranga wa kuku wa mayai. Pengo hilo huzibwa kwa dagaa waliosagwa, mchwa au yai lililochemshwa na kukatwakatwa. Mchwa, kwa anayeweza kuwapata, ni chakula kinachopendwa mno.

Mama akifa au akiwakataa, wapatiwe joto la nyuzi 35 hivi katika wiki ya kwanza, kisha lipunguzwe kidogo kidogo. Wakijikunyata pamoja, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kutweta, joto limezidi.

Kanga huambukizwa kideri kama kuku, na wanaokaa banda moja na kuku wazima hupata minyoo kutoka kwao. Ratiba ya chanjo na dawa ipangwe na afisa mifugo wa kata.

Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, manyoya yakishakomaa, vifaranga waachiwe kwanza alasiri, saa moja au mbili kabla ya giza. Wakiwa bado wanamfuata kuku, hurudi naye bandani na kuzoea kulala humo, badala ya kulala juu ya miti wanakonyemelewa na bundi na vicheche.