Moto wa 1970 Ulivyobadili Kazi ya Uokoaji

Mwaka 1970, California iliungua kwa siku 13. Watu 16 walikufa, nyumba zaidi ya 700 zikateketea. Wazimamoto hawakukosa ujasiri; walikosa namna ya kufanya kazi pamoja. Vikosi vya serikali kuu, vya jimbo na vya miji vilikutana penye moto uleule vikiwa na redio za masafa tofauti, kila kimoja kikimsikiliza mkuu wake. Baada ya hapo Bunge la Marekani likatoa fedha kwa FIRESCOPE, mradi wa kuratibu vikosi hivyo, na humo ukazaliwa mfumo wa amri ya matukio: kila mtu ana mkubwa mmoja tu, na msimamizi haongozi zaidi ya watu saba.

Wapo wanaosema ngazi za amri huua ubunifu, na kweli moto haungoji kibali. Lakini mfumo huu haumwelekezi aliyeshika mpira wa maji jinsi ya kuzima. Unamwonyesha wa kumpa taarifa. Tena, anayefika kwanza ndiye anayeongoza, hata akiwa wa cheo cha chini, mpaka akabidhi rasmi. Kwangu, huo ni uhuru. Mwaka 2004 Marekani iliueneza mfumo huo nchi nzima, kwa dharura za kila aina.