Konokono wanaomaliza miche usiku

Ukikuta miche ya kabichi au sukuma wiki imeliwa usiku, na juu ya majani kuna ute mkavu unaong'aa, mwizi ni konokono, awe na gamba au asiwe nalo. Mchana hujificha chini ya mawe na matandazo yenye unyevu.

Wengi hunyunyiza majivu. Yanasaidia yakiwa makavu. Mvua moja ya masika, kazi imekwisha. Chumvi hatuishauri hata kidogo, maana huunguza miche na kuharibu udongo.

Tunachopendekeza hakina gharama. Jioni laza mbao au magunia yaliyoloweshwa kati ya matuta. Asubuhi yafunue, waokote konokono kwa kijiti au mkono uliovikwa mfuko, uwatumbukize kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Fanya hivyo kila siku mpaka miche ipate nguvu. Mwagilia asubuhi, si jioni, ili usiku udongo wa juu uwe umekauka. Bata huwala sana, ila na miche michanga hawaiachi.

Chambo cha sumu kinaweza kuua mbwa na kuku wako. Na kwa kuwa baadhi ya konokono hubeba minyoo inayodhuru binadamu, nawa mikono kwa sabuni, na mboga za kuliwa mbichi uzioshe vizuri.