Kaskazi Katika Mto Nile

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Juba huwaeleza wanafunzi wetu kwamba neno "kaskazini" limetokana na kaskazi, upepo wa bahari, nao hushangaa: Juba na bahari, wapi na wapi? Hata hivyo, mji huu nao una kaskazi yake, na historia yake yatufaa wakati huu ambapo nguvu ya upepo yasifiwa kila mahali.

Yafaa ikumbukwe kwamba pwani ya Waswahili iliendeshwa na upepo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Kaskazi, ivumayo takriban Desemba hadi Machi, ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi, ishikayo zamu tangu Aprili, iliyarudisha. Nahodha hakununua kuni wala makaa. Lakini aliyefika Unguja kwa kaskazi hakuweza kurudi kwao kabla ya kusi, hata kama biashara yake imekwisha siku ya tatu. Hiyo ndiyo bei ya upepo: kungoja. (Sisi wa lugha tusinung'unike sana, kwani katika kungoja huko watu walioana, na Kiswahili kikajichotea maneno.)

Sasa tuje kwenye mto wetu. Nile hutiririka kwenda kaskazini, na tangu mwezi wa Novemba upepo wa kaskazini huvuma kinyume cha mkondo. Kwa hiyo mashua za Khartoum zilipanda mto kwa tanga na kushuka kwa maji. Salim Qabudan, ofisa wa Muhammad Ali mtawala wa Misri, aliondoka Khartoum Novemba 1840; mapema mwaka 1841 akafika Gondokoro, ng'ambo ya mashariki, karibu na hapa ilipo Juba. Maporomoko yaliyo kusini yakamzuia kuendelea. Samuel Baker alitweka tanga tarehe 18 Desemba 1862 akawasili Gondokoro tarehe 2 Februari 1863.

Safari hizo hazikuwa za raha. Katika Sudd, kinamasi kikubwa cha mafunjo, mto hujipinda-pinda kama nyoka, na upepo uliokuwa nyuma ya tanga asubuhi huwa usoni adhuhuri. Hapo mabaharia hawakuwa na budi kuburura mashua kwa kamba. Walakini tusiusingizie upepo kila kosa: Baker aliporudi mwaka 1870 alikuwa na marikebu za moshi, nazo hazikufua dafu mbele ya magugu yaliyoziba mto. Alifika Gondokoro Aprili 1871.

Ziko hasara nyingine nzito zaidi. Upepo haumwulizi mwenye tanga aendako. Ule ule uliowaleta wavumbuzi uliwaleta wafanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, hata kwa Wabari wa kandokando ya mto miezi ya kaskazi ikawa miezi ya hofu. Pwani nako majahazi yalibeba shehena hiyo hiyo.

Siku hizi upepo watakiwa uzungushe mitambo ya umeme, na mfano mkubwa ulio jirani nasi uko karibu na Loiyangalani, Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana. Hapo imesimikwa mitambo 365, kila mmoja wa kilowati 850, jumla megawati 310 hivi. Upepo wake hubanwa baina ya milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Kenya, ukapata kasi kama maji katika mfereji mwembamba. Kasi ikizidi maradufu, nguvu ipatikanayo huwa mara nane. Ndiyo sababu mahali pa kuisimika mitambo si popote. Haili mafuta wala haitoi moshi. Lakini ilikuwa tayari mwaka 2017, ikasimama bure hadi Septemba 2018 kwa kukosa nyaya za kuupeleka umeme Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400. Kungoja tena! Safari hii upepo ndio uliowangoja watu.

Kisha likazuka suala la ardhi. Mwezi wa Oktoba 1921 ulikuwa mbali, lakini Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za eneo hilo, ekari 150,000 hivi, hazikupatikana kwa kufuata sheria. Wafugaji wa huko walikuwa wamelalamika kwamba malisho yao yametolewa pasipo wao kushauriwa ipasavyo. Upepo hauna mwenyewe, ila ardhi unapopita ina wenyewe.

Nasi Juba je? Kwa miaka mingi mji huu umetegemea dizeli iletwayo kwa malori, tena kwa bei ghali. Upepo wa hapa mjini ni hafifu, wala tusiwadanganye wanafunzi kwamba minara ingetufaa kando ya mto. Ule wa Turkana, hata hivyo, huelekea kaskazini-magharibi, ndio kusema upande wa Kapoeta, nchi ya wafugaji Watoposa. Atakayetaka kuutumia atakuwa na nyaya ndefu za kuvuta hadi Juba, na kabla ya nyaya, wazee wa Kapoeta wa kuketi nao.