Kupiga ramli

Kupiga ramli (mtendaji: mpiga ramli, kwa mteja: kupigiwa ramli) ni kufunua yaliyofichika kwa njia za kiganga, hasa yajayo. Ramli ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake mchanga, kwani waaguzi walichora alama mchangani wakazisoma. Usukumani mchanga umebaki kwenye jina tu: mfumu, yaani mganga wa Kisukuma, humpasua kuku, akasoma alama za mwilini mwake.

Kamusi hukiweka kitenzi hiki karibu na kutabiri na kubashiri. Shinyanga na Geita matumizi yamepinda. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutabiri mvua, mcheza kamari hubashiri mechi. Anayekwenda kupigiwa ramli mara nyingi anauliza yaliyokwisha kutokea: ng'ombe wamekufa kwa nini, mtoto karogwa na nani. Ndiyo maana pakawa na ramli chonganishi, ile inayomtaja jirani au ndugu kuwa mchawi. Vikongwe wenye macho mekundu, wekundu ambao aghalabu ni wa moshi wa jikoni, wameuawa kwa kutajwa hivyo.

Wanaoigeuza ramli kuelekea kesho ni wachimbaji wadogo. Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa, dhahabu hufuata mishipa myembamba ndani ya mwamba, na duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, laweza kushuka makumi ya mita lisiikute. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza uzalishaji mwaka 2000, huchoronga na kupima sampuli kwanza. Mwenye duara hana fedha za kuchoronga. Swali lake, la kijiolojia kabisa, hulipeleka kwa mganga. Jibu huweza kuwa kafara ya mbuzi. Limewahi pia kuwa viungo vya binadamu: mauaji ya watu wenye ualbino, yaliyoshika kasi Kanda ya Ziwa kuanzia 2007, yalichochewa na waganga walioahidi utajiri.

Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa vibali vya waganga wa jadi. Januari 2015 serikali ikawapiga marufuku wapiga ramli. Tiba asili yenyewe inatambuliwa na sheria ya 2002, na hapo lugha inaleta utata wake, kwa sababu kuagua ni kutibu na ni kutabiri vilevile. Mganga asemaye anaagua huenda anachemsha mizizi, huenda anapasua kuku, na kwa wateja wengi hizo ni hatua mbili za tiba moja.